Meza ya Maktaba na Fundi Aliyeitengeneza

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wetu, wengi wenu mwaijua meza kubwa ya maktaba. Wazazi mliofika siku ya mahafali mwaka jana mlitia sahihi zenu juu yake, katika daftari la wageni. Urefu wake ni futi 8, upana wake futi 3, na mbao zake ni za mvule. Ilitengenezwa mwaka 1974, na baadhi ya waliosoma juu yake siku zile sasa wana wajukuu.

Siku ile ya mahafali mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kundi la kuhamisha samani. Tuliitoa meza Alhamisi jioni, tukaiweka uwanjani chini ya mwembe, tukaenda zetu kula. Usiku ule mvua ya vuli ikanyesha, wala hakuna aliyeikumbuka. Ijumaa na Jumamosi jua likawaka kama kawaida ya huku kwetu Tanga. Jumatatu tuliirudisha ndani, tukaifuta vumbi, tukaona tumemaliza kazi. Hata juma la pili, mkutubi akamwita mwalimu wa zamu kumwonyesha ufa uliopita katikati ya meza tangu ukingoni, urefu wake futi mbili na nusu, na upana wake pale ukingoni kalamu ya risasi ingeweza kulala ndani yake.

Tulipoulizwa nani aliiacha nje, nilisimama. Sikusimama kwa ushujaa, bali kwa sababu jina langu liliandikwa katika orodha ya kazi iliyobandikwa ukutani. Nilitazamia adhabu ya kufyeka majani. Mwalimu hakunipa jembe wala fyekeo. Aliniambia niingie chini ya meza nisome yaliyoandikwa huko. Nikaingia. Palikuwa na jina la mtu na mwaka 1974, yameandikwa kwa kalamu ya risasi, hayajafutika. "Basi," akasema mwalimu, "mtafute mtu huyo. Kama yu hai, ukamweleze mwenyewe ulivyoitenda meza yake."

Yu hai. Nyumba yake haiko mbali na shule, mwendo wa saa moja kwa miguu. Jina lake silitaji hapa, maana nilipomwomba ruhusa alikataa. Alisema jina lake limekwisha andikwa chini ya meza, na hapo panatosha.

Nilimkuta amekaa katika banda lake la mabati, ananoa patasi juu ya jiwe lenye mafuta. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu, karibu kitako," bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe. Nilianza kueleza habari za shule, mahafali na wageni, nikizungukazunguka kama mtu anayeogopa kufika. Kabla sijafika, akaniuliza, "Mliitia juani?" Nikasema ndiyo. "Na mvua?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kunoa. Baadaye akasema atakuja Jumamosi kuitazama, lakini kwanza yafaa nijue nilichokifanya, kwa sababu mtu asiyejua kosa lake atalirudia kesho kwa meza nyingine. Yafuatayo ni mafundisho yake, pamoja na yale niliyoyasoma na kuyapima baadaye.

Mti ulio hai umejaa maji, na maji hayo yamo mahali pawili. Mengine yamo ndani ya matundu ya chembe zake, kama maji yaliyo ndani ya mtungi. Mengine yamenywewa na kuta zenyewe za chembe, kama maji yaliyo katika udongo wa mtungi. Mti ukikatwa na kupasuliwa mbao, maji ya mtungini hutoka kwanza; ubao hupungua uzito, lakini upana wake haubadiliki. Unyevu ukishuka mpaka kadiri ya asilimia 30, ndipo kuta nazo zinapoanza kutoa maji yake, na ubao huanza kusinyaa. Tena hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu hausinyai kwa kadiri ya kuonekana kwa macho. Kwa upana husinyaa, na upande unaofuata mviringo wa pete za mti husinyaa kadiri ya mara mbili ya upande unaotoka moyoni kwenda kwenye ganda. Hii ndiyo sababu ubao uliopasuliwa karibu na ukingo wa gogo hukunjika kama mfereji ukikauka.

Jambo ambalo sikulijua, na nadhani wenzangu wengi hamlijui, ni kuwa ubao hauachi kupumua hata ukikaa katika samani miaka hamsini. Masika hunywa unyevu wa hewa na kupanuka. Kiangazi huutoa na kusinyaa. Meza ya mvule yenye upana wa futi 3 yaweza kuongezeka na kupungua kadiri ya robo inchi kwa mwaka mmoja. Robo inchi ni kitu kidogo, lakini ukiizuia isitembee, hapana gundi wala msumari utakaoishinda. Itapita penye udhaifu, na hapo ndipo penye ufa.

Mwalimu wetu wa fizikia aliturusu kuyapima haya katika maabara. Tulinunua kipande cha ubao kwa muuzaji aliyeapa kuwa ni mkavu kabisa. Tulikipima uzito, kikawa gramu 62. Tukakitia katika joko dogo la maabara, joto la sentigredi 103, tukikitoa na kukipima mpaka uzito ukakoma kupungua: gramu 50. Maji yaliyotoka ni gramu 12, na ukigawanya 12 kwa 50 wapata asilimia 24. Huo ndio ulikuwa ubao mkavu wa muuzaji. Kisha tulichukua kibanzi kutoka chini ya meza ya maktaba, gramu 28.5, kikawa gramu 25 baada ya kukaushwa, yaani asilimia 14. Sisi watu wa pwani hatuwezi kutazamia chini sana ya hapo, kwa kuwa hewa yetu yenyewe ina unyevu. Lakini tofauti ya 24 na 14 ndiyo tofauti ya kabati linalofunga na kabati lisilofunga.

Jumamosi mzee alifika akiwa nyuma ya bodaboda, amepakata mfuko wa turubai wenye vyombo vyake. Hakuutazama ufa. Alivua viatu, akalala chali sakafuni, akajivuta chini ya meza kama fundi wa magari, nami nikamfuata na tochi. Akapapasa kiunzi kwa vidole. Nilimwona amesimamisha mkono mahali pamoja, akakaa kimya kwa muda mrefu.

Hapa sharti nieleze jinsi uso wa meza unavyoshikiliwa. Fundi anayejua kazi haugongomei kwenye kiunzi. Huchonga mfuo mwembamba upande wa ndani wa kiunzi, kisha hutengeneza vibao vidogo vyenye ulimi. Ulimi huingia katika mfuo, na kibao chenyewe hufungwa kwenye uso wa meza. Hivyo uso hushikwa usiinuke, lakini ukitaka kupanuka au kusinyaa, ndimi huteleza ndani ya mfuo. Ndivyo alivyoifunga meza yetu mwaka 1974. Lakini kule chini, pamoja na vile vibao, palikuwa na parafujo nene saba, zimepenya kiunzi na kuingia moja kwa moja katika uso wa meza, pande zote mbili. Meza ilikuwa imefungwa pingu.

Nilifurahi, nakiri. Nikaona kosa si langu peke yangu. Nikamwuliza, "Babu, ni nani aliyetia parafujo hizi?"

Akasema, "Mimi."

Akanieleza tukiwa bado tumelala chini. Ilikuwa mwaka 1983. Wazee wetu wanaukumbuka wakati ule: sukari ya kupanga foleni, sabuni ya kutafutwa, na kwa fundi, hapana misumari, hapana msasa, hapana gundi. Meza ilikuwa imelegea kwa kuhamishwahamishwa, na shule ilitazamia wageni siku ya pili yake. Kuitengeneza vizuri kulitaka kufungua viungo na kutia gundi mpya, ambayo hakuwa nayo. Alikuwa na parafujo chache alizozitoa katika mashine mbovu ya mkonge. Akazikaza, meza ikasimama imara, akalipwa, akasema moyoni kuwa atarudi akipata gundi. Hakurudi. Kwa kuwa meza haikutoka tena ndani ya maktaba, na humo hewa hubadilika polepole, ilivumilia miaka kadiri ya arobaini. Ndipo sisi tukainywesha mvua na kuikausha kwa jua ndani ya siku tatu.

"Wewe umeivunja," akasema, "na mimi nilikwisha kuifunga ili uivunje."

Niliporudi bwenini nilitaka kujua zaidi habari za mtu huyu, na Jumamosi zilizofuata nilimwuliza maswali wakati wa kazi. Alizaliwa mwaka 1951 upande wa Pangani. Babu yake mzaa baba alilala juu ya kitanda cha kamba chenye matendegu yaliyokerezwa, na mzee asema alipokuwa mtoto alikaa chini akiyahesabu mabonde na vilima vya tendegu moja kwa kidole. Vitanda vya namna ile vilitengenezwa pwani yote, Lamu, Mombasa, Unguja mpaka kusini, kama vile vile viti vya enzi, vya mbao nyeusi vilivyotiwa pembe na kusukwa kwa uzi, ambavyo siku hizi huonekana zaidi katika majumba ya makumbusho. Aliyekereza tendegu lile alikuwa akivuta upindi kwa mkono mmoja, na kushika chombo kwa mkono wa pili akisaidiwa na mguu.

Mwaka 1966, akiwa na miaka 15, aliingia katika karakana ya Mhindi mjini Tanga. Mwaka wa kwanza hakugusa randa. Alifagia takataka, alichemsha gundi ya ngozi, na alinoa. Asema alinoa mpaka akanyoa nywele za mkono wake wa kushoto zote kwa kujaribu makali. Mwaka wa pili alipewa msumeno na amri moja: kata juu ya mstari, mstari ubaki nusu. Alipokosea, fundi wake hakumpiga wala hakumtukana. Alikichukua kile kipande, akakitundika ukutani juu ya benchi la kijana, kikae hapo mwezi mzima. Nilimwambia afadhali viboko. Akacheka, akasema naye alifikiri hivyo hivyo.

Kazi yao kubwa ilikuwa samani za nyumba na ofisi za mashamba ya mkonge. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na wateja wakabadilika. Mwaka 1972 mzee alianza kujitegemea. Halafu ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo shabaha yake ilikuwa mwaka 1977, na kila kijiji kikataka madawati. Asema miaka ile alitengeneza madawati mengi kuliko vitu vingine vyote, wala hakumbuki hata moja. Vitu anavyovikumbuka ni vile vilivyoagizwa na mtu mmoja kwa haja moja: kiti cha mwalimu aliyekuwa na mguu mfupi, ambacho miguu yake ya mbele ilipishana kwa inchi moja na robo, kitanda cha mapacha, sanduku la mama mmoja lililokuwa na chumba cha siri ambacho hata mimi hakuniambia kilikuwa upande gani. Mama yule amekwisha kufa, lakini mzee asema siri ni yake bado.

Nilimwuliza kama kuna kazi anayoijutia. Nilidhani atarudia habari ya parafujo. Alinitajia kabati la nguo. Mwaka 1991 binti mmoja wa jirani aliolewa, na baba yake akataka kabati la mninga katika muda wa majuma matatu. Mninga ni mti mwema, hausinyai sana, lakini mbao alizozipata zilikuwa zimetoka msituni juzi. Ukizikata, utomvu wake mwekundu kama damu ulikuwa bado unanata. Alijua. Alilitengeneza kwa kuwa alikuwa na karo ya watoto ya kulipa. Lilikuwa zuri siku ya arusi. Kabla ya mwaka kwisha milango ilipinda, haikufunga, na yule binti akalirudisha juu ya mkokoteni, mchana, kupitia njia kuu, watu wakitazama. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Babangu alikuamini." Mzee alilitengeneza upya kwa mbao kavu bila malipo, naye asema tangu siku ile hakutumia tena ubao ambao hakuukausha mwenyewe.

Namna yake ya kukausha ni hii. Mbao hupangwa chini ya paa, mbali na jua, mahali penye upepo. Baina ya tabaka na tabaka huwekwa vijiti vya unene mmoja, kila kijiti juu ya mwenzake, ili uzito ushuke wima na mbao zisipinde. Ncha za mbao hupakwa rangi ya zamani au nta, maana ncha hunyauka upesi kuliko kati na hupasuka. Kisha mtu hungoja mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Katika banda lake kuna mbao za msaji za inchi mbili alizoziweka kabla sijaingia Kidato cha Pili. Misaji si miti ya asili ya kwetu. Wajerumani waliileta Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na leo twaiona katika shamba la serikali la Longuza, wilaya ya Muheza. Mvule ni wa kwetu, na mzee ausifu kuliko yote, ingawa una uadui wake: ndani ya mti mara nyingine mna mawe meupe ya chokaa yanayovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Yeye mwenyewe hukohoa. Asema mvule umedai sehemu yake.

Siku hizi mivule mikubwa imekuwa adimu, na kuvuna kwataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Na watu wengi hununua samani zilizotengenezwa kwa mbao za unga, yaani vumbi la mti lililoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye sura ya ubao. Mzee hazipendi hata kidogo, asema zikinywa maji huvimba kama andazi. Hapa mimi sikubaliani naye kabisa. Mama yangu ana kabati la namna hiyo. Alilinunua siku ile ile alipopata fedha, na nguo zetu zikatoka sandukuni siku ile ile. Mtu mwenye watoto wanne hawezi daima kungoja mwaka mmoja kwa kila inchi. Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie mama aliweke mbali na dirisha."

Sasa juu ya ule ufa. Nilidhani ataubana kwa vibanio na kuujaza gundi. Alikataa. Kwanza alizifungua parafujo zote saba, mbili zikakatika kwa kutu ikabidi tuzichimbe. Kisha tukaiacha meza kama ilivyo kwa majuma matatu, bila kitu, ipumue. Ufa ukajifunga kwa zaidi ya nusu yake wenyewe. Kilichobaki aliamua kukifunga kwa vipepeo.

Kipepeo ni kipande cha mti mgumu, chembamba kiunoni na kipana pande mbili, kama mabawa. Huzamishwa katika uso wa meza kukingama ufa, bawa moja huku na bawa moja kule, nyuzi za mti wake zikipita juu ya ufa na si kuufuata. Ufa ukitaka kupanuka, mabawa huukatalia. Vyetu ni vya mpingo, mti mzito unaozama majini, kutoka katika mabaki aliyokuwa nayo. Uso wa meza una unene wa inchi moja na nusu, kwa hiyo vipepeo vimeshuka robo tatu ya inchi. Kwanza hukatwa kipepeo, kisha hulazwa mahali pake na kuzungukwa kwa ncha ya kisu, si kwa kalamu, maana mstari wa kalamu una upana na mstari wa kisu hauna. Ndipo huchimbwa kwa patasi, ukibakiza unene wa unywele ndani ya mstari, na unywele huo huondolewa mwishoni.

Nilipokuwa nikitafuta habari za vipepeo hivi, mwalimu wetu wa Kiingereza alinipa nisome habari za George Nakashima, fundi wa samani wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1905 katika mji wa Spokane, wazazi wake wakiwa Wajapani. Alisomea usanifu wa majengo, akafanya kazi Japani na Pondicherry katika Bara Hindi, akarudi kwao akaanza useremala. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, serikali ya Marekani iliwakusanya watu wenye asili ya Kijapani wa pwani ya magharibi, kadiri ya 120,000, wengi wao raia, ikawatia kambini. Nakashima alipelekwa Minidoka, katika jimbo la Idaho, pamoja na mkewe na binti yao mchanga. Katika kambi ile alimkuta seremala aliyefundishwa kazi kwa desturi ya Kijapani, Gentaro Hikogawa, akawa mwanafunzi wake, wakitumia mabaki ya mbao. Mwaka 1943 mwajiri wake wa zamani, Antonin Raymond, alimdhamini akatoka, akaenda New Hope, jimbo la Pennsylvania, na huko alitengeneza samani za kuagizwa mpaka alipofariki mwaka 1990. Mwaka 1981, akiwa mzee wa miaka 76, alitoa kitabu cha kuitazama kazi yake yote, kiitwacho The Soul of a Tree.

Huyu bwana hakuzitupa mbao zenye nyufa. Alizitafuta, akazifunga kwa vipepeo mahali pa wazi, watu waone. Nilimsimulia mzee habari hizi kwa urefu, nikamwonyesha picha katika simu ya mwalimu. Aliitazama meza ya Nakashima kwa makini, akakuza picha kwa vidole viwili, akauliza kwa nini kingo zake hazikunyoshwa. Nikasema ndivyo alivyopenda, ziwe kama zilivyokuwa mtini. Akatikisa kichwa: kwake yeye meza yenye ukingo wa namna ile haijaisha. Lakini vipepeo alivisifu. Kisha akauliza, "Kambini alikaa kwa kosa gani?" Nikajibu hakuwa na kosa. Akasema, "Na akajifunza kazi humo humo," akarudia mara mbili, akarudisha simu.

Yeye mwenyewe alijifunza kipepeo kwa fundi wake Mhindi, wala hajui Mhindi alikitoa wapi.

Kipepeo cha kwanza alikichimba mzee, nami nilishika taa, kwa kuwa jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Hakuwa na haraka. Alipokipiga nyundo ya mti mara tatu, kikaingia, na sauti ya pigo la tatu ilikuwa nyingine kabisa, nzito, kama mlango uliojaa mahali pake. Kisha akanipa patasi. Nikasema, "Babu, nitaiharibu." Akasema ndiyo maana ameanza na kile cha ukingoni, kinachobeba kazi, hiki cha pili ni cha kusaidia tu. Nilichimba siku nzima. Niliuvuka mstari mahali pawili. Alinionyesha jinsi ya kuchanganya vumbi la mpingo na gundi na kujaza, lakini akanionya kuwa jicho linalojua litaona. Tuliumaliza uso kwa msasa na mafuta ya kitani, tukairudishia vibao vyenye ndimi.

Shule ilipouliza malipo, alijibu kuwa mimi nimekwisha kumlipa Jumamosi sita, na lile deni la mwaka 1983 ni lake. Hata hivyo mwalimu mkuu alimpelekea zawadi, na mzee aliipokea.

Hana mrithi katika banda lile. Mwanawe ni dereva, na mjukuu wake asoma umeme katika chuo cha VETA. Hakuniomba niende kujifunza kwake, nami sikuahidi. Wazazi wangu wanatazamia Kidato cha Tano, na mtihani uko Novemba. Lakini aliniazima patasi moja ya nusu inchi, na hajaitaka irudi.

Tumepiga alama mbili za kisu chini ya meza, ukingo mmoja mpaka mwingine, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi twapima upana wake. Daftari la vipimo liko kwa mkutubi, na kijana mmoja wa Kidato cha Pili ameahidi kuendelea nalo. Mwezi Februari, wakati wa joto kavu, upana ulikuwa inchi 35 na tatu ya nane na unusu. Mwezi Mei, katikati ya masika, ulikuwa inchi 35 na tano ya nane. Ufa haukuongezeka. Anayetaka kuona vipepeo na avitafute mwisho wa meza ulio karibu na dirisha: cha ukingoni ni cha mzee, na kile chenye pengo katika bawa la kushoto ni changu.